Muulize Mzee wa Maabara: Kadi yasema A, hospitali yasema O

Shikamoo mzee. Mwanangu wa kiume, miaka 16, ana saratani ya damu, lukemia ya mailoidi. Kadi yake ya kliniki imeandikwa kundi A kama baba yake. Mimi ni O. Juzi wamempima upya wakaandika "O" na alama ya kuuliza. Mama mkwe kaiona karatasi, maneno yameanza: mtoto si wa kwao. Na dada yake naye apimwe? – Mama wa wawili, Tanga

Marahaba, binti yangu. Tuanze na mkweo. Baba A na mama O wanaweza kabisa kuzaa mtoto O, kama baba amebeba A moja na O moja. Hata mwanao angezaliwa O, hapo hapana kesi.

Ila mimi naiamini kadi. Hiyo A ni sukari iliyobandikwa juu ya chembe nyekundu, na kinachoibandika ni kimeng'enya kitokanacho na jeni ya kurithi. Kwa wagonjwa wengine wa lukemia hiyo, uboho, unaotengeneza chembe hizo, ukiharibika huacha kuibandika. Nimewahi kuona kwenye kigae cheupe: nimedondosha dawa ya kupima A, chembe chache zikashikana, nyingine zinaogelea tu. Nikadhani dawa imeharibika, nikafungua chupa mpya. Yale yale. Na hapana, kundi A silo lililomletea ugonjwa.

Waombe wapime na majimaji ya damu, si chembe peke yake. Mwenye O ya kuzaliwa ana kingamwili dhidi ya A na B. Mwanao akiwa A, utakuta zile dhidi ya B tu. Wapelekee ile kadi. Waeleze pia kama alishaongezewa damu ya O, maana nayo huvuruga majibu. Wakiwa bado na shaka watampa O, usiogope. Ugonjwa ukitulia, mara nyingi A hurudi.

Dada yake apimwe wakitaja kupandikiza uboho. Hapo hutazamwa alama nyingine, HLA, ambazo kila mtoto hurithi nusu kwa baba, nusu kwa mama. Ndugu wa baba na mama mmoja ana nafasi 1 kati ya 4 ya kulingana naye kabisa. Kundi la damu si lazima lilingane. Lakini mkweo aambiwe mapema: dada akiwa O na uboho wake ukashika, kaka mtu naye atakuwa O, safari hii bila alama ya kuuliza.