Jibu: Mwendesha mashtaka akihamia utetezi, ni usaliti?

Ndugu, umeuliza kama mwendesha mashtaka anayehamia kutetea vigogo wa ulaghai wa fedha ni msaliti. Hapana. Mtazame Mary Jo White wa Marekani: 1993 hadi 2002 aliongoza mashtaka ya shirikisho Manhattan, mwanamke wa kwanza kushika ofisi hiyo, kisha akaenda kutetea mabenki.

Kesi hizi za ulaghai hubebwa na nia, yaani kama mtu alikusudia kudanganya. Aliyewahi kushitaki anajua faili likifunguliwa kinachosakwa: baruapepe moja tu inayoonyesha bosi alijua. Kwa hiyo kazi kubwa huifanya kabla mashtaka hayajafunguliwa.

Linaloniuma ni kurudi serikalini. 2013 aliteuliwa kuongoza SEC, tume ya Marekani inayosimamia masoko ya mitaji, ikabidi ajitoe kwenye mashauri kadhaa yaliyogusa wateja wake wa zamani.