Mtoto anatoa udenda na hataki kula? Mchungulie fizi

Binti yangu alikua na mwaka na miezi minane. Ilianza homa kali nikasema meno hayo, si unajua kila kitu cha mtoto tunasingizia meno. Siku ya tatu naamka nakuta shingo yote imelowa udenda, nampa uji anaweka mdomoni anapiga kelele anasukuma kijiko. Nikammulika na tochi ya simu, Mungu wangu, fizi zimevimba nyekundu zinavuja damu, ulimi umejaa vidonda vidogo vya njano vimezungukwa na wekundu.

Daktari akasema ni hepesi aina ya 1. Nililia jamani, hilo jina linatisha, kumbe ndo kirusi kilekile kinachotoa malengelenge pembeni ya mdomo kwa watu wazima na wengi wanakipata utotoni, kwa kubusiwa tu au kuchangia kijiko. Kwa hiyo msianze kulaumiana ndani ya nyumba.

Kosa langu nilishaanza kumpa antibayotiki iliyobaki kabatini. Haifanyi kitu kwa kirusi. Dawa yake ipo, asaiklovia, ila inasaidia zaidi ikianza mapema, siku tatu nne za mwanzo, ndo maana nasema usikae nyumbani unasubiri meno kama mimi.

Chakula kisikuumize kichwa, pigania maji. Nilikua nampa parasetamoli kwa kipimo cha uzito wake, nasubiri nusu saa maumivu yapungue, halafu sirinji isiyo na sindano, namdondoshea maji au maziwa ya baridi ndani ya shavu, mililita 5, napumzika, tena 5. Usiku kucha. Juisi ya machungwa usithubutu, inachoma. Aspirini mtoto hapewi kabisa, na zile jeli za ganzi usimpake mdogo bila daktari.

Akikaa masaa 6 hadi 8 nepi kavu, analia bila machozi, amelegea, au jicho limekua jekundu linauma, nenda hospitali saa hiyohiyo. Jicho nalitaja sababu wananyonya vidole kisha wanajifikicha, nawa mikono yake na yako kila mara.

Wa kwangu vilipona siku ya 12. Na kama kuna kichanga ndani mtenge naye kabisa, kwa kichanga hiki kirusi kinaweza kuua.