Mwanangu, kuhusu yule fundi wa Kibaha

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako wa juzi usiku nimeupata. Unauliza: fundi amechukua laki nane ya kunyanyua kuta mpaka lenta, ile boriti ya zege juu ya milango na madirisha, ameishia kozi ya nne ya tofali, na wiki ya tatu hii hapokei simu, umfukuze au umbembeleze? Imeniuma, maana najua hela hiyo umeipataje huko Mwanza, kwa zamu za usiku.

Kabla ya kukujibu nilipanda bodaboda jana nikaenda kujionea. Kuta zenyewe si mbaya. Mjomba wako aliweka pima maji kila pembe, ni ukuta wa jikoni tu uliolalia nje kidogo. Kilichonisikitisha ni saruji. Mifuko 12 imelazwa juu ya ardhi tupu, turubai limepeperuka, na mvua imeinyeshea. Nilibonyeza mmoja mmoja kwa dole gumba. Mitano imeshakuwa jiwe, na hiyo asije mtu akakwambia itapondwa ichanganywe na mpya. Saba iliyobaki nimeihamishia kwa jirani, juu ya mbao.

Sasa jibu langu: usimbembeleze, na usimfukuze leo. Ninavyomwona, hakukusudia kukuibia. Ameshika kazi tatu kwa mpigo, hela yako ameitumia kwenye kazi ya mwingine, naye kwako hana haraka kwa sababu chake keshakula. Hapo ndipo tulipokosea, wewe na mimi, tulilipa kozi ambazo hazijapanda. Mwandikie ujumbe, usimpigie. Taja hela aliyopokea, taja kazi iliyobaki, mpe siku 7. Nitaupeleka kwa mwenyekiti wa mtaa ausome, awe shahidi.

Akirudi, hapati hata shilingi mpaka afike lenta. Asiporudi tutatafuta mwingine, ila ujue fundi mpya huikosoa kazi ya mwenzake kabla hata hajaitazama vizuri. Atakwambia bomoa yote uanze upya. Kwa hiyo wa kuikagua awe mtu asiyeitaka hiyo kazi. Yupo mzee mmoja hapa mtaani, fundi wa siku nyingi aliyekwisha kustaafu, tutamlipa siku yake atuambie ukweli wa huo ukuta wa jikoni.

Na huyo mpya tuandikiane naye. Malipo yaende kwa hatua: lenta, mkanda, kupaua, plasta, kila hatua ikiisha na kukaguliwa ndipo alipwe. Vifaa nitanunua mimi dukani na risiti nitakutumia. Fundi asishike hela ya nondo wala ya saruji, hata akiwa mcha Mungu wa namna gani.

Unaukumbuka ule ufa juu ya dirisha la chumba ulichokuwa unalala utotoni, ukawa unaniuliza kama nyumba itaanguka? Sijawahi kukueleza ulitoka wapi. Fundi wangu alimwaga zege la lenta Jumamosi jioni, akaniambia mtoto wake anaumwa, nikamlipa yote kwa huruma. Hakurudi. Zege linataka maji asubuhi na jioni, angalau siku 7, nami sikujua, nilidhani likishakauka ndiyo limekomaa. Likakaa juani wiki nzima bila tone. Baba yako aliuziba ufa ule mara nne kwa saruji, na kila masika yakipita ulifunguka tena.

Ndiyo maana siku ya lenta yako nitakuwepo mwenyewe, na ndoo yangu. Nimeshaongea na kijana wa jirani, atamwagilia nisipofika.

Usiku leo ulale. Ujumbe wa fundi uandike kesho ukitoka kazini, unitumie kwanza niusome kabla hujamtumia yeye. Mimi na mjomba wako tutakwenda asubuhi kuhesabu tofali zilizobaki, picha utazipata jioni.

Mama yako