Shangazi, nataka kwenda Namugongo kwa miguu, peke yangu

SWALI: Shangazi, salamu. Nina miaka 51, naishi Busia. Kitinda mimba wangu ameingia chuo na nyumba imenyamaza. Jumuiya yetu hukodi basi kila mwaka kwenda Namugongo, karibu na Kampala, kwa sikukuu ya Mashahidi wa Uganda, wale Wakristo waliouawa kwa ajili ya imani yao, tarehe 3 Juni. Safari hii nataka kutembea, tena peke yangu. Baba watoto anacheka, anasema uzee umenipandia kichwani. Goti la kushoto hunisumbua kidogo nikipanda mlima. Je, huu ni wazimu? — Mama wa Wanne

JIBU: Mama wa Wanne, kama ni wazimu basi tuko wawili. Nilitokea hapo hapo Busia nikiwa na miaka 49, mwaka mmoja baada ya kumzika mama yangu. Ni karibu kilomita 200. Nilitumia siku kumi. Vijana walinipita wakiimba, nikawapungia mkono.

Nianze na miguu, maana imani naona unayo. Wiki ya kuondoka nilijinunulia raba mpya, nyeupe, za kupendeza. Kufika Bugiri visigino vyote viwili vimejaa malengelenge, na safari iliyobaki nikaimaliza kwa ndala na soksi kama mgonjwa aliyetoroka wodini. Nenda na viatu ambavyo vimeshakuzoea. Paka Vaselini katikati ya vidole kabla ya soksi. Goti lionwe na daktari sasa hivi, usingoje Mei. Akikuruhusu, anza kwenda sokoni na kurudi kwa miguu kila Jumamosi, mzigo ukiwa mgongoni.

Barabarani shika upande wa kulia ili magari uyaone yakija. Matrela ya Mombasa yana upepo unaoweza kukutupa mtaroni. Ondoka saa kumi na moja alfajiri, na ikifika saa tano tafuta kivuli. Mvua ya Mei itakunyeshea tu, usijisumbue kuikimbia; funga nguo za kubadilisha ndani ya mfuko wa nailoni.

Sasa hilo la peke yako. Mwisho wa Mei njia ile ina watu: wametoka Kakamega, Eldoret, Nakuru, na bendera zao na rozari zao. Upweke utaupata katikati ya kundi moja na jingine, na huo unatosha. Omba barua kwa paroko wako. Mimi yangu ilinipa pa kulala kwenye madarasa na baraza za makanisa, na mara moja kitandani kwa mama mmoja wa Iganga aliyelala chini kwenye mkeka, akakataa katakata kubishana nami. Msitu wa Mabira, ukishavuka Nile pale Jinja, usiuingie peke yako. Keti Njeru usubiri kundi lipite, uliunge mkia. Ukitoka upande wa pili, Lugazi, hauko mbali na Namawojjolo, na pale nunua gonja, yaani ndizi, la kuchoma hata kama umeshiba.

Hukuniambia kwa nini hutaki basi, na sikuulizi. Mimi mazishini sikulia; nilikuwa nahesabu sahani za wageni. Nililia siku ya tatu, kando ya lami, mbele ya kijana aliyekuwa akiniuzia mahindi. Alinirudishia hela yangu akidhani nimeona bei kali.

Nilipofika, nilikaa nikitazama zile nguzo 22 za shaba za basilika, moja kwa kila shahidi Mkatoliki. Altare imejengwa mahali alipochomwa Karoli Lwanga, kiongozi wao, mwaka 1886, na wanasimulia kuwa moto ulianzia miguuni. Nikaziangalia ndala zangu, nikaona haya kidogo kwa manung'uniko yote yale ya Bugiri.

Baba watoto mwambie aje na basi la jumuiya, mkutane huko mkesha wa tarehe 2. Akuletee blanketi, kwa sababu usiku uwanjani kuna baridi, na kidumu cha maji ya baraka. Cha lita tano, si zaidi. Mimi nilijaza cha lita kumi, na kukibeba hadi kituo cha basi kulinishinda kuliko kilomita zote 200.