Wagumu nao wanaumwa sonona

Ndugu zangu leo naandika kitu ambacho sisi wapagazi wa Kilimanjaro hatukiongelei kabisa, sonona, yaani ule ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha. Mlimani tunaitwa wagumu, sasa mgumu akisema moyo wake umechoka anaonekana kalegea.

Machi 2020 mgonjwa wa kwanza wa korona alitangazwa, alishukia hapa hapa KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, mwezi uliofuata ndege za nje zikasimamishwa na safari zangu zote zikafutwa. Mwanzoni nlikua poa tu, nkasema napumzisha mgongo. Kufika Juni, mimi niliyezoea kubeba kilo 20 mpaka kambi ya Barafu, mita 4,600 na ushee, nlikua nashindwa kutoka kitandani nikachote maji bombani. Saa tisa usiku usingizi umekata, chakula hakipandi, hata mbege, pombe yetu ya ndizi, siitaki, mtoto akiniita namfokea alafu nalia peke yangu.

Kila mtu akasema hizo ni stresi za hela, zikirudi utakaa sawa, na mimi nkaamini. Sasa wageni walipoanza kurudi kidogo kidogo nkapigiwa simu ya kazi, nkaiangalia inaita mpaka ikakata. Hela imenifuata mpaka kitandani na siinuki! Hapo ndo mama watoto akajua huu ni ugonjwa, akanipeleka hospitali ya KCMC, Moshi.

Daktari aliuliza hali hiyo imezidi wiki mbili? Ilishafika miezi. Kwahiyo wewe usisubiri kama mimi, wiki mbili mfululizo huna raha na chochote, hulali, huli, nenda. Na ukipewa dawa usiache, zinachukua wiki kadhaa mpaka uone nafuu, mimi siku ya tano nlitaka kuzitupa. WHO, Shirika la Afya Duniani, walisema mwaka ule wa kwanza wa korona sonona na wasiwasi viliongezeka kama asilimia 25 duniani, yaani tulikua wengi sana tumejifungia ndani kila mtu anadhani yuko peke yake.

Kwa mwenye rafiki wa hivyo, tafadhali usimwambie jikaze wewe mwanaume. Kaka yangu hakuniuliza kitu, alikua anakuja tu asubuhi anasema twende Kibosho tukapalilie kahawa, siku ya kwanza nlipalilia mibuni miwili nkakaa chini, naye akakaa. Kesho yake akaja tena.

Ila akikwambia anatamani kufa, usingoje asubuhi na usimwache peke yake hata dakika, ita bodaboda au bajaji mwende wote hospitali usiku huohuo.