Chagua mhusika mmoja, umfuate: kwa wapenzi wa riwaya za upelelezi, katuni na kejeli

Wanaotaka kuingia katika ulimwengu wa riwaya pendwa za Kiswahili, katuni za zamani na vichekesho vya kejeli huniuliza waanze na kitabu gani. Mimi huwajibu waanze na mtu. Chagua mhusika mmoja, umfuate kokote anakokwenda, mpaka uzijue tabia zake kama unavyozijua za jirani yako. Burudani hizi zilijengwa hivyo tangu mwanzo. Nimekutana na watu wazima ambao hawakumbuki hata jina moja la kitabu walichosoma shuleni, lakini ukimtaja Willy Gamba, jasusi wa riwaya za Elvis Musiba, wanakaa vizuri kwenye kiti na mazungumzo yanaanza upya.

Kwa mtu anayependa fumbo kuliko risasi, namshauri mpelelezi Bwana Msa. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alimleta katika Mzimu wa Watu wa Kale, hadithi iliyoshika nafasi ya kwanza katika mashindano ya uandishi ya East African Literature Bureau ya 1957 na 1958, kisha ikatoka kama kitabu mwaka 1960. Wasomi wamesema sana kwamba Bwana Msa amechukua mengi kutoka kwa Sherlock Holmes, mpelelezi wa hadithi za Kiingereza. Ni kweli: kiko kipo, rafiki wa kumsindikiza yupo, naye ni Najum, na askari anayekimbilia majibu mepesi yupo, Spekta Seif. Lakini soma kurasa chache tu utaona kwamba mambo yenyewe ni ya Unguja. Siri zinafichwa ndani ya koo, ndani ya ndoa, ndani ya adabu. Watu wanazungumza kwa mzunguko, wanajibu swali kwa swali, na Bwana Msa anaokota ushahidi katika maneno ambayo msemaji mwenyewe aliyaona ya heshima tu.

Ndiyo maana vitabu vyake havisomwi kwa pupa. Mazungumzo yasome kwa sauti. Msomaji wa bara atakutana na maneno ya Kiunguja asiyoyajua, naye asisimame kila mstari kufungua kamusi. Aendelee, maana mengi hujieleza yenyewe baada ya aya mbili. Jambo jingine ninalolifanya kila mara: nikikaribia sura ya mwisho nafunga kitabu na kumsimulia mtu wa nyumbani yote yaliyotokea, kisha namwambia namshuku nani na kwa nini. Katika kusimulia ndipo unapogundua kitu kilichokuwa mbele ya macho yako tangu mwanzo. Ukimaliza Mzimu, nenda Kisima cha Giningi cha 1968, halafu Duniani Kuna Watu cha 1973. Kufikia hapo utakuwa umeanza kumtilia shaka Bwana Msa mwenyewe, na hapo utamu huzidi.

Willy Gamba ni mtu wa namna nyingine kabisa. Huyu ni jasusi, anapanda ndege, anapiga watu, na Elvis Musiba anamwandika kwa mwendo ambao haukupi nafasi ya kwenda kuchota maji. Ushauri wangu hapa ni mmoja: kabla ya ukurasa wa kwanza, tazama mwaka kitabu kilipochapishwa, uutie akilini. Kufa na Kupona ni ya 1974. Msumbiji ilikuwa bado haijapata uhuru, na Dar es Salaam ilikuwa ndiyo makao ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika tangu 1963. Wapigania uhuru walikuwa wanapita mitaa ile ile aliyopita msomaji. Kwa hiyo msomaji wa wakati ule, aliposoma juu ya maadui wanaowawinda wakombozi wa Kusini mwa Afrika, hakuwa anasoma ndoto tupu. Ukijua hilo, hata zile sehemu ambazo leo zinaonekana zimetiwa chumvi zinapata uzito. Soma Kikosi cha Kisasi cha 1979 ukiwa na fikra hiyo hiyo, kisha Hofu cha 1988, utaona jinsi vita vya ukombozi vilivyobaki ndani ya hadithi hizi kwa miaka mingi.

Nimpendavyo Gamba, sitakuficha: wanawake wengi katika vitabu vyake wameandikwa kwa haraka mno, kama mapambo ya hoteli. Anayetaka mwanamke mwenye nafasi yake katika kazi ya hatari amfuate Nuru, mwenzake mpelelezi Joram Kiango, katika vitabu vya Ben Mtobwa. Tutarudi na Roho Zetu? ndicho ninachowapa watu wanaodhani riwaya ya Kiswahili ni ya mitihani. Na Dar es Salaam Usiku, ingawa si ya upelelezi kwa maana ya kawaida, inaonyesha jinsi Mtobwa alivyolijua jiji hili baada ya jua kuzama.

Vitabu hivi utavipata wapi? Vingine huchapishwa tena, waulize wenye maduka. Lakini raha kubwa iko kwa wauza vitabu vya mitumba, wanaovipanga chini kando ya njia. Usiende na jina la kitabu kimoja. Muulize muuzaji, "Una za upelelezi za zamani?" kisha mwachie namba yako ya simu, kwa kuwa yeye ndiye anayejua mzigo unaingia lini. Kabla ya kulipa, geuza kitabu uanze nyuma. Kurasa za mwisho ndizo zinazong'oka kwanza, na riwaya ya upelelezi isiyo na sura ya mwisho ni mateso. Baada ya hapo fungua katikati, penye pini, uhakikishe namba za kurasa zinafuatana, kwa maana pini ikipata kutu kurasa nne huchomoka pamoja na usipate habari. Mimi huwa natazama pia maandishi ya wenye kitabu waliopita. Nina nakala moja ambayo mtu ameandika kwa penseli pembeni, kwenye ukurasa wa kati, "ni shemeji huyu!" na mbele kidogo amefuta. Huyo msomaji simjui, lakini nimesoma kitabu kizima pamoja naye.

Kwenye katuni kuna kazi zaidi, kwa sababu zilichapishwa kwenye karatasi ya kutupwa. Chakubanga, mhusika aliyechorwa na Christian Gregory, alitoka katika gazeti la Uhuru katika miaka ya Azimio la Arusha, na gazeti la jana lilikuwa la kufungia karanga. Jarida la Sani nalo lilisomwa na watu wengi kwa nakala moja, kiasi kwamba ukilipata leo, jalada mara nyingi halipo. Humo ndimo walimokaa wahusika kama Komredi Kipepe, Lodi Lofa, Ndumilakuwili na Madenge. Philip Ndunguru, mmoja wa wachoraji waliolipa jarida lile sura yake, alifariki akiwa kijana, na wahusika wakaendelea kuishi kwa mikono ya wengine. Hapa ndipo kumfuata mhusika kunapolipa. Panga matoleo yako kwa tarehe, mtazame Kipepe mmoja kutoka toleo hadi toleo: kalamu imebadilika, pua imebadilika, lakini mwendo ni ule ule. Ukiona hilo mara moja hutaziita tena katuni mambo ya watoto.

Ukipata nakala, usizibe mpasuko kwa selotepu. Baada ya miaka michache inageuka njano na kuacha doa linalokula wino. Weka karatasi ndani ya bahasha kavu, mbali na jua, na kama unaishi pwani usiliweke sanduku sakafuni wala kwenye ukuta wa nje, unyevu utalimaliza. Halafu zipige picha zote kwa simu, mchana, karibu na dirisha, bila mwanga wa kamera. Jina la faili liwe na jina la jarida, namba ya toleo na mwaka.

Kejeli ya kisiasa inahitaji kitu kimoja tu cha ziada: tarehe na tukio. Katuni ya mchoraji Masoud Kipanya au ya mwenzake Gado inachoma siku inapotoka, ila ukiikata bila kuandika nyuma yake nini kilikuwa kimetokea wiki ile, baada ya miaka mitano hata wewe utasahau. Vivyo hivyo kwa vipindi. The XYZ Show, kipindi cha kejeli cha televisheni ya Kenya kilichoanza 2009 na vikaragosi vyake vya mpira kwa mfano wa kipindi cha Kifaransa, kinachekesha maradufu ukikitazama na magazeti ya mwaka ule pembeni.

Kwa filamu, nina pendekezo moja ninalolitetea kwa moyo wote: Who Killed Captain Alex? ya 2010, iliyotengenezwa na Isaac Nabwana huko Wakaliga, Kampala. Silaha ni za kuundwa karakana ya mtaani, milipuko ni ya kompyuta, na juu ya yote kuna sauti ya VJ Emmie, msimulizi wa filamu anayepiga kelele, anasifu, anatania, anatabiri nani atakufa. Wageni huiona sauti hiyo kama kituko. Sisi tuliokaa kwenye vibanda umiza, vile vibanda vya mtaani vya kuonyeshea video, tunaijua: ni ndugu wa Lufufu wa Dar es Salaam na DJ Afro wa Kenya, watu waliozichukua filamu za ng'ambo na kuzifanya zizungumze nasi. Usiitazame peke yako na vipokea sauti masikioni. Ita watu, tena wengi, uwaache wajibizane na VJ.

Limebaki la kushirikishana. Sheria ya hakimiliki ya Tanzania inalinda kazi ya mwandishi kwa miaka 50 baada ya kifo chake. Abdulla alifariki 1991 na Mtobwa 2008, kwa hiyo kazi zao bado zinalindwa na sheria. Picha ulizopiga kwa kuhifadhi zibaki kwako. Usizimwage kwenye makundi ya WhatsApp. Rafiki akitaka kusoma, mwazime kitabu chenyewe, uandike jina lake na tarehe kwenye daftari, umpigie baada ya mwezi.