Griti za Mtaa wa 79

Mmetuuliza wiki hii: "Ukiwa ugenini, ni wapi ulipojiona mwenyeji kwa mara ya kwanza?" Kwangu ni kwenye stuli ya tatu kutoka mlangoni, katika mgahawa mdogo wa kifungua kinywa, Mtaa wa 79, kusini mwa Chicago.

Nafanya kazi ya usiku kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Natoka saa moja asubuhi, baridi inakata masikio, na ninakokwenda kulala hakuna wa kuniambia "pole na kazi". Siku moja nikiwa nasubiri basi la pili ikanijia harufu ya kambale wa kukaanga. Mimi ni mtu wa Mwanza. Samaki akilia kwenye mafuta ya moto siwezi kumpita.

Kambale wao hugaragazwa kwenye unga wa mahindi kabla ya kutumbukizwa kikaangoni, na pembeni yake huja griti: chenga za mahindi meupe zilizopikwa taratibu na siagi, nzito kuliko uji, laini kuliko ugali. Kijiko cha kwanza tu, nikamwona bibi yangu amekaa jikoni na mwiko wake. Nikaomba sukari.

Mzee aliyekaa stuli ya pili akaweka kikombe chini. "Mwanangu, nani alikufundisha kutia sukari kwenye griti?" Yeye ni wa chumvi, siagi na pilipili manga, na ukoo wao wote ni wa chumvi tangu Mississippi. Mama mpishi akatoa kichwa kwenye dirisha la jiko: kwao walikula na sukari na wote wamekua vizuri. Wateja wakagawanyika. Nilikuja kujua baadaye kwamba ubishi huu Wamarekani weusi wanao siku zote, na mimi siku ya kwanza tu nilishahesabiwa upande.

Kumbe wengi pale nao ni watoto na wajukuu wa wahamiaji. Kuanzia miaka ya 1910 hadi 1970, watu weusi wapatao milioni 6 walihama majimbo ya kusini, wakikimbia ubaguzi na mashamba ya pamba yasiyowalipa. Wa Mississippi wengi walipanda treni ya Illinois Central hadi Chicago. Mzee alikuja nayo akiwa mtoto, mama yake amefungasha kuku wa kukaanga kwenye boksi la viatu, maana behewa la chakula halikuwa la watu kama wao. Mapishi hayo waliyokuja nayo ndiyo yaliyoanza kuitwa "soul food", chakula cha roho, miaka ya 1960. Jina limepata mwenyewe.

Na adabu yao naipenda. Mama mpishi haitwi kwa jina tupu. Linaanza "Miss" ndipo jina, hata na wateja wenye mvi, kama sisi tusivyoweza kumwita mtu mzima bila "Mama" au "Shangazi". Mimi ananiita mwanangu. Nikikosa siku mbili, ya tatu lazima niseme nilikuwa wapi.

Mwaka jana baba yangu alifariki. Nilikwenda Mwanza kumzika, nikakaa wiki tatu. Niliporudi sikuagiza chochote. Sahani ikaja yenyewe, kambale wawili badala ya mmoja. Mzee akanisogezea kopo la sukari bila neno. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akauliza, "Baba yako yeye, uji wake alikuwa anakunywaje?"

Nikamwambia kweli: chumvi kidogo na ndimu.

Akapiga meza kwa kiganja, akageukia jikoni. "Umesikia? Marehemu alikuwa upande wangu!"